Jukwaa letu la nyumbani Mbeya limegeuka matanga, nifanyeje? Naombeni ushauri

Ngoma Begani
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na mawazo kweli kweli. Mimi ni kiongozi wa ushangiliaji wa tawi moja la timu ya hapa Mbeya. Timu siitaji, msinilazimishe. Tunachezea uwanja wa Sokoine, lakini ukiingia ukafumba macho utadhani uko kwenye foleni ya kumwona daktari. Watu wamekaa kwenye zege, mikono kwenye makoti, wanamenya karanga. Kona, kimya. Kipa wetu akiwaita mabeki wake, anasikika mpaka mzunguko wa upande wa pili. Juzi mchezaji mmoja aliniuliza, "Kaka, kwani tumewakosea nini?"

Tunaokaa pamoja ni kama thelathini. Ngoma tunayo moja. Nikianzisha wimbo wananiitikia wawili watatu, nikifika ubeti wa pili nimebaki peke yangu kama mhubiri wa stendi. Zamani haikuwa hivi. Mechi ijayo ya nyumbani ni wiki mbili zijazo na nataka kuona mabadiliko. Shida ni baridi? Muda wa mechi? Kiingilio? Au sisi watu wa huku ndivyo tulivyo, wapole? Nawasilisha.

Bajaji ya Mafiat
Siti ya mbele hii nimewahi, karanga ninazo.

Mzee wa Rungwe
Mwanangu, watu wa huku wapole? Nani kakudanganya? Mwaka 1986 Tukuyu Stars imepanda daraja tu, ikachukua ubingwa wa Tanzania. Nilikuwa kijana, tunasikiliza RTD kwenye redio ya baba mdogo, ya mkulima, betri zake tunazianika juani zipate nguvu. Siku ile baba mdogo alikimbia mpaka kwenye migomba akirudi analia. Mtu mzima, na mashavu yake! Leo timu iliyobaki kule ni ya kusimuliwa. Sasa wewe unauliza kwa nini watu wamenyamaza. Wamechoka kupenda vitu vinavyoondoka.

Mpunga wa Ubaruku
Mzee umenigusa. Sisi Mbarali tulikuwa na Ihefu. Yanga walikuja Novemba 2022 wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, tukawafunga 2-1 palepale Highland Estate. Sauti ilinikauka siku tatu, mke wangu akafurahi. Timu iko wapi sasa? Iko Singida, hata jina limebadilika, inaitwa Singida Black Stars. Mtoa mada usinifundishe kushangilia. Nilishangilia.

Mama Viazi Uyole
Naomba niseme kama mwanamke ninayependa mpira. Mechi saa kumi jioni siku ya kazi, mimi niko sokoni. Nikifunga kibanda nikaenda, napokelewa na matusi kuanzia getini, na yanaanza pale refa anapopuliza filimbi. Nimekwenda na binti yangu mara moja, akaniuliza neno moja njiani kurudi mpaka leo sijamjibu. Choo ndiyo usiseme. Halafu mechi ileile inaoneshwa kwenye runinga, nakaa na uji wangu. Kwa hiyo unapohesabu walionyamaza, na sisi tuliobaki nyumbani utuhesabu.

Kaka wa Leicester
Niko Uingereza mwaka wa tisa, niwape uzoefu. Hata huku viwanja vingi viko kimya, msijidharau. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, mashabiki waliokufa kwa kubanana 97, ilikuja ripoti ya Jaji Taylor ikataka viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu. Usalama ukapatikana, ila yale majukwaa ya kusimama bega kwa bega, ambako nyimbo zilikuwa zinazaliwa, yakaondoka. Tiketi zikapanda bei, vijana wakashindwa, wakaingia wenye nazo na watalii wenye simu. Roy Keane, nahodha wa Manchester United, mwaka 2000 aliwasema mashabiki wa timu yake mwenyewe kwamba wanakunywa vinywaji vyao na kula mikate ya kamba wa baharini, mpira hawauelewi. Highbury ya Arsenal walikuwa wanaiita maktaba. Nendeni Dortmund, Ujerumani, lile jukwaa la kusini wanasimama watu kama 25,000, uone kelele.

Bajaji ya Mafiat
Mkuu, Sokoine viti hatuna. Tunakaa kwenye zege. Nani katunyamazisha, zege?

Kaka wa Leicester
Nilikuwa natoa uzoefu tu.

Kamwene Iringa
Kamwene wakuu. Huku uwanja wa Samora tulikuwa na timu ya Lipuli, Wanapaluhengo wenyewe. 2019 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Azam wakatufunga moja bila. Wakati ule mtu anatoka Kihesa na kidumu cha ulanzi, akifika uwanjani anaimba bila kuambiwa. Mtoa mada, wapelekee ulanzi. Nimemaliza.

Mtumishi
Vijana mnapoteza sauti aliyowapa Mungu kwa ajili ya ngozi iliyojazwa upepo. Jumapili mko kimya ibadani, mnauliza kwa nini mko kimya uwanjani?

Mwalimu wa Kwaya
Mtumishi, amani iwe kwako, ila mimi nitamjibu kwa kazi yangu. Nafundisha kwaya, na mechi mbili nimekaa karibu na hilo kundi. Ndugu yangu, unaanza wimbo juu mno. Sauti unayoanzia ni ya mwimbaji wa sauti ya juu aliyefanya mazoezi, mwanamume aliyekuja kuangalia mpira haifikii, anajaribu mara moja anapasua, jirani anamcheka, basi. Shusha. Pili, kiitikio chako kina maneno kumi na moja. Nimehesabu. Umati unaitikia maneno mawili, matatu yakizidi. Tatu, ngoma umeiweka ukingoni kabisa karibu na uzio, na mzunguko hauna paa, sauti inapaa inakwenda zake mlima Loleza. Kaa katikati ya watu, mgongo kwa wachezaji, uso kwa watu. Kiongozi wa kwaya hatazami sadaka inavyopita. Na nyimbo ziwe mbili tu mechi nzima mpaka wazizoee.

Ngoma Begani
Mwalimu ndaga fijo, huu ndio ushauri. Ila mgongo kwa wachezaji siwezi, nitaangaliaje mechi?

Namba Tano Mkongwe
Ngoja kwanza. Umesema zamani haikuwa hivi. Ngoma ileile, nyimbo zilezile, watu walewale, na zamani walikuwa wanaitikia. Baridi ya Mbeya haijaanza mwaka huu. Nini kilitokea katikati hapo? Sema ukweli usaidiwe.

Ngoma Begani
Hakuna kilichotokea. Matokeo tu hayakuwa mazuri.

Namba Tano Mkongwe
Mbeya City msimu wa 2013/14 ndiyo imepanda, kocha Mwambusi, ikamaliza ya tatu mbele ya Simba, tuliimba. Ilishuka 2023 tukaimba tukilia, imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26 tunaimba. Prisons nao, misimu mingapi wamepambana wasishuke na watu wao wapo. Matokeo hayanyamazishi watu wanaoongozwa. Nakuuliza mara ya pili.

Mama Viazi Uyole
Jibu mwanangu, hatukuli.

Ngoma Begani
Haya. Naomba msinishambulie.

Ilikuja moja ya timu mbili za Kariakoo, Simba au Yanga. Ipi sisemi. Mnajua uwanja unavyokuwa siku hiyo, robo tatu ni wao, na hao wao ni majirani zetu wa Soweto na Mwanjelwa. Sisi tuko thelathini na jezi zetu, ngoma nimeivaa shingoni. Dakika ya sabini hivi krosi ikapigwa, mshambuliaji wao akaruka, kichwa, wavuni.

Wakuu, niliruka. Sikupanga. Nimezaliwa nyumba ambayo baba alikuwa na kadi ya timu ile kabla hajawa na kadi ya kliniki yangu. Mikono ikaenda juu yenyewe, ngoma ikaruka ikanipiga kidevu, damu. Niliposhuka chini nikakuta wote thelathini wameniangalia mimi. Uwanja wanaupa mgongo. Mtoto wa karanga alikuwa ananipa chenji yangu, mkono wake ukabaki hewani.

Kuanzia siku hiyo nikianzisha wimbo wanatazama viatu.

Bajaji ya Mafiat
NAKUFA 😂😂😂 kadi ya kliniki!

Mpunga wa Ubaruku
Na bado unashika ngoma? Rudisha ngoma ya watu.

Kamwene Iringa
Msimwonee. Anyooshe kidole ambaye hana timu ya Kariakoo moyoni. Mimi Lipuli damu, lakini simu yangu inaita kwa wimbo wa timu nyingine kabisa. Ndivyo tulivyo huku, mke mkubwa na mke mdogo.

Mpunga wa Ubaruku
Tofauti ni kwamba wewe hukuruka ukiwa umevaa ngoma ya mke mkubwa.

Takwimu Tupu
Tuache utani kidogo, maana hili jambo lina uzito wake. Wakati wa korona ligi ya Ujerumani ilirudi tarehe 16 Mei 2020 bila mashabiki. Viwanja vitupu, na timu za nyumbani zikawa zinashinda mechi chache kuliko wageni. Watafiti walichimba ligi nyingi wakakuta kitu ambacho wengi hawakukitegemea, kwamba aliyebadilika sana ni mwamuzi. Bila zomeazomea, kadi za njano kwa wageni zilipungua. Kwa hiyo siku hiyo robo tatu ya Sokoine inaposhangilia wageni, mwenyeji halisi ni nani? Timu yetu inakuwa ugenini ikiwa imelala kitandani kwake.

Mama Viazi Uyole
Sasa umeshaomba radhi kwa hao thelathini?

Ngoma Begani
Kuomba radhi kwa kuruka mama? Sikumtukana mtu. Na suluhisho nimeshalipata, ndiyo maana nimeuliza kuhusu mechi ijayo. Nimeongea na kundi la matarumbeta, vijana wanane, wanapiga kwenye harusi. Wakianza wale hakuna atakayekumbuka kidevu changu. Laki nne na nusu, kianzio laki mbili nimeshawapa.

Namba Tano Mkongwe
Laki mbili zako?

Ngoma Begani
Za tawi. Kulikuwa na laki sita na arobaini za michango, elfu tano kila mwanachama, zilikuwa za basi la safari ya ugenini. Lakini safari ya nini kama nyumbani tumekufa? Kikao kingechukua muda, na tarehe za watu wa harusi huwa zinawahiwa. Mngekuwa mimi mngefanya hivyo hivyo.

Mzee wa Rungwe
Mwanangu, hapo tena sipo nawe. Fedha ya watu haina haraka.

Shuhuda wa Kabwe
Wakuu mmeshikwa masikio. Hii ni CHAI, tena ya rangi. Chukueni kikokotoo. Uzi unaanza wako thelathini. Elfu tano mara thelathini ni laki moja na nusu. Laki sita na arobaini ni watu 128. Hao 98 wametoka wapi? Halafu mtu gani anaruka na ngoma shingoni inampiga kidevu? Ngoma inaning'inia tumboni. Mtoto wa karanga mkono hewani! Huyu anatunga hadithi, jioni moja atatuletea sehemu ya pili.

Bajaji ya Mafiat
Duh. Nilikuwa nimeshamhurumia. Weka picha ya kidevu.

Kaka wa Leicester
Hata mimi nilihisi.

Mpunga wa Ubaruku
Wewe ulihisi saa ngapi? Si ulikuwa Dortmund.

Ngoma Begani
Kidevu siweki, nitajulikana. Lakini hesabu nitaijibu. Wanachama wanaolipa ni hao 128. Wanaokuja uwanjani ni thelathini. Waliobaki wako kwenye kibanda umiza, mia tano mlangoni, wanaangalia mechi yetu wenyewe, Sokoine ipo mwendo wa bajaji moja. Na mechi yetu ikigongana na ya Kariakoo, mwenye kibanda akiuliza aweke ipi, wanapiga kura. Mara ya mwisho tulipata kura nne. Mimi hayo sikuyaandika mwanzo kwa sababu ni aibu kuliko kidevu.

Mwalimu wa Kwaya
Nilikuwepo siku hiyo. Sikutaka kusema. Bao lilikuwa la dakika za nyuma zaidi ya sabini, na lilikuwa la faulo, si krosi, lakini ngoma niliisikia. Ilitoa mlio mmoja, du, uwanja mzima unalipuka na ile du nikaisikia. Nilidhani ngozi imepasuka.

Shuhuda wa Kabwe
Mwalimu na wewe ni ID ya pili ya mtoa mada.

Mwalimu wa Kwaya
Mwanangu, mimi nina miaka 61.

Mama Viazi Uyole
Iwe chai, isiwe chai, mtoto amejibu kura nne. Mtu hatungi kura nne, angetunga sifuri. Sikiliza wewe. Jumamosi nenda hapo kwenye kibanda umiza kabla ya mechi, ngoma uiache nyumbani. Simama mbele ya hao 128 useme hela imekwenda wapi na nani aliruka. Watakuzomea. Angalau watakuwa wametoa sauti.

Ngoma Begani
Na matarumbeta niwaambie nini? Kianzio hawarudishi.

Namba Tano Mkongwe
Hilo ulipaswa kuuliza kabla hujatoa laki mbili.

Ngoma Begani
Jumamosi nitakwenda. Sijasema kwamba nitasimama. Nitakwenda.

Kamwene Iringa
Samahani kutoka nje ya mada. Hao vijana wanane wanapiga na nyimbo za kumwingiza bibi harusi? Mdogo wangu ana sendofu Uyole tarehe za mwisho wa mwezi, na kianzio tayari kimeshalipwa.

Ngoma Begani
Nicheki PM.