Mjadala: Orodha ya viunganishi vya Kiingereza ibaki darasani au iondoke?

Walimu wenzangu, na wazazi mnaosimamia kazi za nyumbani, naomba tulijadili hili waziwazi. Shule nyingi za sekondari zina ile karatasi ya moreover, furthermore, however, on the contrary, on the other hand. Wanafunzi wanaikariri kuelekea mtihani wa insha. Mimi nasema iondoke. Inamfundisha mtoto sura ya neno bila kazi yake.

Chukueni sentensi za mwanafunzi wa kidato cha tatu: "Dodoma is dry. On the contrary, Tanga receives a lot of rain." Kwenye karatasi, on the contrary na on the other hand zimewekwa safu moja, kama vile ni mapacha. Kumbe on the contrary hukanusha jambo lililosemwa au kudhaniwa: "Dodoma is not wet. On the contrary, it is one of the driest regions in the country." Hapo tunazungumzia Dodoma tu, na sentensi ya pili inakazia ukanushi wa ya kwanza. Ukilinganisha mikoa miwili, on the other hand ndiyo mahali pake, au while. Sisi tunasema "kinyume chake" kotekote, ndiyo maana mtoto hashtuki. Vilevile at last, ambayo husemwa pale kilichosubiriwa kwa muda mrefu kinapotimia, wanaiweka kwenye hoja ya mwisho badala ya lastly. Na "although he was sick, but he came" sote tunajua ilikotoka: ni "ingawa... lakini" yetu.

Kinachoniuma zaidi ni masimulizi. Kwa Kiswahili mtoto huyuhuyu anasimulia vizuri kabisa: alifika, akaketi, akaomba maji. Ile -ka- inabeba mfuatano wote. Akihamia Kiingereza tunamtwika then, after that na thereafter mbele ya kila sentensi, wakati Kiingereza nacho kinasema tu "he arrived, sat down and asked for water".

Hata kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambako mtiririko na mshikamano ni robo ya alama za uandishi, vigezo vyao vinataja kuzidisha viunganishi kuwa kasoro.

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, nimekuelewa ila sikubaliani nawe. Niko shule ya kata. Watoto wamesoma msingi kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Bila orodha wanaandika sentensi ambazo hujui ipi ni sababu, ipi ni matokeo. Orodha inawapa pa kushikia. Na msahihishaji mwenye rundo la karatasi akiona firstly, secondly, finally, anajua hoja ziko wapi. Ukiwanyang'anya hiyo, watakaoumia si watoto wa shule za ada kubwa.

Mchangiaji wa pili:
Ibaki, lakini iwe fupi. And, but, so, because, although, for example. Mengine watayakuta kwenye kusoma.

Mwanzisha mada:
Ndugu wa shule ya kata, firstly na secondly sina ugomvi nazo, zinahesabu tu. Ugomvi wangu ni na therefore. "Many people cut trees. Therefore, we suffer from hunger." Kiunganishi kipo, hoja ya katikati haipo: udongo umefanya nini, mavuno yamekuwaje? Neno limeziba pengo, na mwalimu ametia vema.

Wanaisimu M. A. K. Halliday na Ruqaiya Hasan walionyesha tangu 1976 kwamba viunganishi ni njia moja tu kati ya tano za kushikamanisha maandishi ya Kiingereza. Viwakilishi na kurudia nomino vinafanya kazi kubwa, lakini havimo kwenye ile karatasi. Mimi huandika sentensi mbili ubaoni bila kiunganishi, nikauliza kwa Kiswahili: ya pili inaifanyia nini ya kwanza? Inatoa sababu, mfano, au inaipinga? Wakishakubaliana ndipo tunatafuta neno, na mara nyingi so au this problem inatosha.

Zoezi hilo linakula kipindi kizima, hilo nalikubali. Aliyelifanya kwenye darasa kubwa kwa makundi atueleze aligawaje, na nani alisahihisha.