Huyu mwenye kipaza sauti wa banda umiza amenivua nguo leo mbele ya watu

Mwana_Ujiji:
Wakuu, sijala, sijaoga, mikono inatetemeka. Mods, msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho. Hapa hakuna kichekesho.

Yule jamaa wa banda umiza, kibanda chetu cha kuonyeshea muvi hapa Mwanga, Kigoma, mnamjua. Anayetafsiri muvi kama yuko mnadani. Sauti yake Wakongomani wanaisikia ng'ambo ya ziwa wanafunga madirisha.

Leo kaweka The Devil Wears Prada, ile ya 2006, ya mama bosi wa jarida la mitindo New York. Nimetoa jero yangu, nimekaa benchi la mbele. Muvi tamu, nawaambia. Meryl Streep akiingia ofisini watu wanabadilisha viatu mbiombio, koti na pochi anamrushia mtoto wa watu mezani kila asubuhi, na muda wote hafoki. Anaongea polepole kama anayempa mgonjwa pole, na ofisi nzima jasho linawatoka. Sasa huyu wetu kamtafsiri kwa kufoka! Mama kanong'ona maneno manne, yeye kafoka dakika mbili na kachomekea habari za mawese.

Hilo nilimsamehe. Ikafika pale pa mikanda. Wanachagua kati ya mikanda miwili ya kufanana, binti anacheka, mama anamgeukia na sweta lake la bluu. Anamweleza bluu ile ilikotoka: Oscar de la Renta na magauni yake ya 2002, kisha makoti ya kijeshi ya Yves Saint Laurent, wabunifu wengine wakafuata, ikashuka maduka makubwa, ikashuka tena mpaka kwenye kapu la bei chee alikoiokota yeye. Mimi nauza mitumba mwaka wa tisa huu. Nafungua marobota kwa mikono yangu, najua nguo inavyosafiri. Hakuna mtu kwenye lile banda aliyekuwa anasikiliza kama mimi.

Jamaa KASIMAMISHA muvi. Kaniwashia tochi ya simu usoni. Kwenye kipaza sauti: "Na kutoka kwenye kapu likapanda meli, likapanda treni, likafika mwisho wa reli. Hilo hapo, limevaliwa!"

Banda zima, wakuu. Watoto waliokaa chini wamegaragara. Muuza kashata wa mlangoni kaangusha sinia.

Ni kweli nilivaa sweta la bluu, mvua ilikuwa inanyesha. Sufu safi, limetoka kwenye robota la Jumanne, mkono wa kushoto kuna uzi umechomoka kidogo tu. Na tochi ikashuka mpaka pale kwenye uzi! Ikakaa hapo! Jero yangu nimetoa, halafu tochi usoni.

Mgebuka_Mkavu:
Pole mkuu. Hilo sweta bado lipo? Bei gani?

Binti_wa_Gungu:
Kaka, mimi nilikuwa benchi la nyuma. Huo uzi si "kidogo". Ulikuwa unaburuza chini, nikadhani umefungia mbuzi nje.

Mwana_Ujiji:
Dada, nimemulikwa! Muvi imesimama, watu mia wananitazama mkono! Ungekuwa wewe?

Kapteni_Kibirizi:
Tuliokulia kanda za Lufufu, yule mtafsiri muvi wa zamani, tunajua kutafsiri ni nini. Huyu ni mpiga debe. Juzi kaweka muvi ya vita, adui kapigwa risasi, yeye kasoma tangazo la dagaa wa shemeji yake.

Mama_Wawili:
Nyie mnalilia sweta. Yule fundi cherehani wa karibu na soko nilimpa kitenge cha Kongo, yadi 6, gauni la harusi ya mdogo wangu. Kanirudishia kitu cha kunibana, nimekaa ukumbini kama nimemeza mwiko. Nikauliza kitambaa kilichobaki, akaapa hakijabaki hata cha kufutia cherehani. Nimekikuta kwa mwanawe. Shati! Mikono mirefu na mfuko!

Binti_wa_Gungu:
Yule mwenye futi shingoni saa zote? Mungu wangu! Mimi sketi yangu kaiwekea zipu kichwa chini.

Kapteni_Kibirizi:
Suruali yangu ina miezi mitatu kwake. Kila nikienda ananiambia imebaki vifungo.

Mwana_Ujiji:
Jamani, uzi ni wangu. Alisimamisha muvi, akaniwashia tochi, na hakuna aliyesema "acha"

Mgebuka_Mkavu:
Mkuu, subiri kwanza. Mama Wawili, huyo mtoto alilivaa hilo shati lini?

Mama_Wawili:
Siku ileile ya harusi. Meza ya mbele yangu, anakula pilau.