Mrejesho: kani ya tatu ya ngalawa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Juzi niliuliza swali la skuli la mdogo wangu, hapa Wete: ngalawa ya kilo 200 inavutwa na kani (nguvu) tatu, moja mashariki kwa nyutoni 300, ya pili kaskazini kwa 400, na mchapuko wake (yaani kasi inavyoongezeka) ni mita 2 kwa sekunde mraba, mashariki. Kani ya tatu ni ipi?

Mimi nilishikilia 500. Kumbe nilizifanya kani zote zijumlike sifuri, kama chombo kimetulia! Aliyenambia nianze na kilo mara mchapuko, Mungu ambariki. Jumla ya kani zote ni 200 mara 2, yaani 400 mashariki. Kwa hiyo ya tatu inachangia 100 mashariki na 400 kusini. Yaani nyutoni 412 hivi, nyuzi 76 kutoka mashariki kuelekea kusini.

Nilimchorea mdogo wangu mishale ya kani hizo mchangani. Akaifuta kwa kiganja, akaichora upya mwenyewe.