Hadithi fupi inanikwamia ukurasa wa pili, nifanyeje?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi ya mama mchuuzi wa samaki pale Sahare. Nimeeleza bahari, alivyozaliwa, alivyoolewa. Ukurasa wa pili nakwama kabisa. Nianzie wapi, na iwe ndefu kiasi gani?

Pweza Mkavu
Ndugu, hapo umeandika historia ya mama, hadithi bado. Hadithi inaanza pale anapotaka kitu na kuna kinachomzuia. Mfano: leo lazima apate elfu thelathini ya sare ya mtoto, vyombo vimerudi na samaki kidogo, na mwenye ngalawa anayemkopeshaga amekataa. Anzia mnadani, bei ikitajwa. Kuzaliwa na kuolewa kutapata sentensi mbili baadaye, msomaji akivihitaji.

Maneno 1,500 hadi 2,000 yanatosha. Watu watatu, siku moja. Ukiweka watu saba, kila mmoja anadai maelezo yake, ndipo hadithi inaposimama. Na kabla hujaanza, amua: atapata au atakosa, na itamgharimu nini?

Bi Chumbageni
Naongezea upande wa lugha, maana hapa wengi wanaharibu. "Akaamka, akanawa, akatoka, akafika": -ka- mfululizo namna hiyo inapeleka matendo yote mwendo mmoja, msomaji hajui lipi zito. Kunawa na kutoka ruka. Kwenye zito tulia, tuone: "Alibonyeza tumbo la jodari kwa kidole gumba. Likabonyea, halikurudi." Samaki ameanza kulegea, bei itashuka, na hujamwambia mtu.

Mazungumzo: kila msemaji aya yake, na "alisema" inatosha. Salamu zetu ndefu zikate, ila kama zina ugomvi ndani. Shikamoo isiyoitikiwa ni tukio, hiyo iache.

Kijana wa Ngamiani
Asanteni sana. Nitumie "mimi" au "yeye"?

Pweza Mkavu
Kwa kuanzia "yeye", lakini ukae na mama tu. Usituambie mwenye ngalawa anawaza nini. "Mimi" ni ngumu zaidi, kwa sababu kila neno litabidi liwe la mchuuzi, na waandishi wapya humfanya aongee kama mwalimu.

Bi Chumbageni
Na rasimu imalize kwanza, usirudi kupamba mwanzo. Ikiisha iweke wiki moja, kisha isome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, igawe hiyo sentensi. Halafu jaribu kufuta aya ya kwanza yote uone kama hadithi inapungukiwa na chochote.