Barabara ikifungwa kupisha mbio za magari Arusha na Moshi: tupeane uzoefu

Mwana wa Mlangarini (mwenye uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Jumapili nilibishana na kaka yangu mkubwa hadi chai ikapoa. Yeye anasema rali imepoteza utamu tangu zianze kufungwa barabara: utepe kila mahali, ukisogea unapigiwa filimbi. Mimi nasema bila kufunga barabara nisingethubutu kumpeleka mwanangu kuangalia. Waliowahi kushuhudia, kuendesha, kusimamia au kufungiwa njia, karibuni.

Naanza mimi. Nimesimamia njia mara tatu, barabara za vumbi upande wa Oldonyosambu. Mnashushwa alfajiri na utepe, filimbi, fulana ya kung'aa na maji ya kunywa. Barabara yenyewe si kazi, kazi ni vijia. Kila kijia cha mifugo kinachoingia barabarani kinataka mtu wake. Kabla ya washindani yanapita magari ya kukagua, la mwisho lina namba 0 ubavuni. Likishapita hilo, hata awe mwenyekiti wa kijiji havuki. Ndipo yanaachiwa ya mashindano, moja moja, kwa kawaida dakika mbili kati ya gari na gari ili vumbi litulie.

Mara ya kwanza akanijia kijana wa miaka kama kumi na mbili na mbuzi wake, maji ya kunywesha yako ng'ambo. Nikamwambia asubiri. Akauliza, "Mpaka saa ngapi?" Nikamwambia saa saba. Ilikuwa saa tatu. Akaniangalia, akauliza, "Nani alituambia?" Sikuwa na jibu. Tangazo lilifika ofisi ya kijiji likaishia hapo, maboma ya ng'ambo ya korongo hayakupata habari. Tulikaa naye chini ya mgunga, kila gari likikaribia anawazungushia fimbo mbuzi wa mbele warudi nyuma. Mbuzi mmoja mweupe alikuwa mkaidi, nilimshika pembe mwenyewe gari la tano likipita. Kokoto zilinipiga miguuni. Sijasahau.

Babu Himo
Wanangu, mimi nimeyaona yale mashindano ya Safari ya zamani, wakati barabara haifungwi kabisa. Yalianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la East African Safari likaja 1960. Yalikuwa ya Pasaka, na Pasaka yetu mnaijua, masika imeshika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 tena yakamaliza 7, na mara zote mbili walishinda walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404.

Nilikuwa darasa la tatu, miaka ya mwanzo ya sabini. Usiku baba alituamsha tukasimama kandokando ya barabara ya kuelekea Same. Kwanza unaona mwanga unacheza kwenye miti, mngurumo unafuata. Likaja gari moja likazama kwenye tope mbele yetu kabisa. Watu wazima wakakimbia kusukuma, na sisi watoto nyuma yao. Nilichokiona karibu ni msoma ramani. Mlango wazi, kitaa kidogo kimeinama juu ya daftari lake, tope limemfika kwenye nyusi, kidole kimeganda kwenye mstari asipotee. Hakutuangalia hata mara moja. Gari lilipotoka lilinyunyiza tope hadi mdomoni, na kiatu changu cha kushoto kilibaki humo.

Lakini mwenye uzi, mwambie kaka yako na hili. Usiku huohuo, kabla hatujarudi ndani, lori la mizigo lilikuja likielekea kule magari yanakotoka. Dereva hana habari. Baba na wenzake walikimbia na kurunzi wakipunga, likasimama pembeni, na gari la mashindano likapita upande wa pili, ni kama shubiri kati yao. Mama hakuturuhusu tena.

Kijana wa Sakina
Shikamoo babu. Eti ni kweli kuna mshindi aliyetokea Tanzania?

Babu Himo
Marahaba mwanangu. Bert Shankland, alikuwa akiishi Tanzania. Alishinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, gari 404. Kwetu mtoto aliyekimbia sana aliitwa Shankland. Ilipofika 1974 mashindano yakabaki Kenya peke yake, na huku kukawa kimya.

Dada Msomaji
Shikamoo babu. Umenigusa kwa huyo msoma ramani, maana ndiyo kazi yangu. Nimekaa kiti cha kushoto misimu minne kwenye rali ndogo za huku kwetu.

Watu wanadhani tunasoma ramani. Tunasoma kona. Siku za ukaguzi mnapita njia taratibu, dereva anataja, mimi naandika: kushoto tatu, mita themanini, kulia tano, jiwe ndani usikate. Kwa mfumo wetu namba ndogo ni kona kali. Penseli nimeifunga kamba kwenye daftari kwa sababu kalamu ya wino hugoma gari likiruka.

Kwenye barabara za mashamba ya miwa kusini mwa Moshi nilichelewa kusoma kona moja. Moja tu. Tulilala ubavu kwenye mfereji. Tulikuwa wazima, na hapo kuna jambo la kwanza la kufanya kabla hujaangalia gari: kila gari lina kibao, upande mmoja OK ya kijani, upande wa pili SOS nyekundu. Ukionyesha nyekundu, anayekuja nyuma lazima asimame akusaidie, aache na mashindano yake. Niliweka pembetatu nyuma yetu, nikasimama na kijani juu ya kichwa, mikono inatetemeka. Gari lililofuata likapunguza, dereva akanyoosha kidole gumba, akapita. Nilipangusa uso nikakuta ni machozi.

Utaratibu huo wote unategemea jambo moja, kwamba hakuna lori la babu linalokuja kutoka mbele. Ndiyo maana nawapenda wale wa utepe kuliko hata mafundi wetu.

Fundi wa Unga Ltd
Pole sana dada. Mimi niko upande wa kaka. Yale magari ya kizamani ya Safari Classic yalipopita Arusha nilishika boneti ya Datsun kwa mkono wangu ikiwa bado ya moto. Kwenye njia iliyofungwa mtoto wa fundi anaona vumbi tu. Hata Kenya, mpaka 2002 Safari ilipita barabara wazi, helikopta zikitangulia juu kuangalia magari na mifugo. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, barabara zilikuwa zimefungwa.

Dada Msomaji
Fundi, njoo kwenye kituo cha matengenezo. Pale hakuna mbio, utashika boneti mpaka uchoke, na mlete mtoto.

Laigwanani Mdogo
Mwenye uzi, sisi wafugaji swali letu ni lile la kijana. Tunaambiwa lini?

Mwana wa Mlangarini (mwenye uzi)
Ni haki yako, ndugu yangu. Mwaka uliofuata tulienda wenyewe mara mbili. Kwanza siku ya mnada, wiki mbili kabla, tukatangaza kwa spika, kwa Kiswahili na Kimaasai. Halafu jioni ya kuamkia, boma kwa boma, kumwambia kila mwenye mifugo saa ya kufunga na saa ya kufungua, na tukapeleka maji ya mifugo upande ule kwa boza. Yule kijana nilimkuta. Mbuzi mweupe walikuwa wameshamuuza.