Draya inazunguka lakini haitoi joto, na plagi imeungua pini moja

Swali
Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwenye mashine ya kukaushia nguo, ile ya bomba la kutoa hewa nje, wati 2500, volti 230. Dramu inazunguka kama kawaida na taa zinawaka, ila baada ya saa nzima nguo zinatoka baridi na mbichi vilevile. Halafu plagi imekuwa ya kahawia kwenye pini moja, ile inayoingia tundu la chini kulia ukiitazama soketi. Imechomekwa kwenye ekstensheni ya matundu manne. Fundi anasema bodi ya elektroniki imekufa, ninunue nyingine. Nikubali?

Jibu 1
Mkuu, bodi iache kwanza. Mota na elementi (koili inayotoa joto) kila moja ina njia yake ya umeme, kwa hiyo dramu kuzunguka hakukuambii lolote kuhusu joto. Bodi hufa, lakini kinachokatika mara nyingi zaidi ni kitu cha bei ndogo: thamostati ya usalama, yaani swichi inayokata umeme joto likizidi.

Chomoa plagi kabisa, usiishie kuzima swichi. Fungua bati la nyuma ufikie boksi la elementi. Weka mita kwenye omu 200, toa waya mmoja wa elementi, pima ncha kwa ncha. Hesabu yake ni volti mara volti, ugawe kwa wati: 230 × 230 ÷ 2500, yaani kama omu 21. Mita isiposoma kitu, elementi imekatika. Kisha panda kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, gusisha ncha moja kwenye elementi na nyingine kwenye bati la mashine. Hapo isisome chochote. Ikisoma, elementi inavujisha umeme kwenye bati, na hiyo ndiyo huangusha RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja.

Karibu na elementi kuna vidude viwili vya duara, ndizo thamostati zenyewe, kila kimoja na nyaya mbili. Kimoja hukata na kujirudisha chenyewe. Cha pili kikikata hakijirudishi; vingine vina kitufe kidogo cha kubonyeza katikati, vingine ni vya kubadilisha tu. Vikiwa baridi, vyote visome karibu na 0.

Muuliza swali
Elementi inasoma 22, kwenye bati hakuna kitu. Kidude kimoja hakisomi kabisa na hakina kitufe. Naweza kukiruka kwa waya nikisubiri spea?

Jibu 1
Hapana, hata kwa siku moja. Kile kingine kikiganda, elementi itawaka mfululizo penye manyoya ya nguo, na manyoya makavu yanashika moto kama pamba. Tena hakikukatika bure: karibu kila mara hewa haipiti. Vuta mashine mbele uangalie kama bomba limebanwa na ukuta, litoe, lisugue ndani kwa brashi. Chujio la manyoya nalo limwagie maji ya bomba. Maji yakisimama juu ya wavu badala ya kupita, kuna utando wa dawa ya kulainishia nguo hata kama kwa macho linaonekana safi. Lioshe kwa sabuni, lirudishe likiwa kavu. Spea iwe na nyuzi joto zilezile zilizochapwa kwenye kile cha zamani, na ubadilishe vyote viwili pamoja.

Jibu 2
Niongezee upande wa plagi, maana hapo ndipo nyumba inapoungulia. Wati 2500 kwa volti 230 ni karibu ampea 11, tena kwa saa nzima. Pini iliyoungua ni ya laini, yaani ya waya wenye moto, na ndani ya plagi fyuzi imekaa upande huohuo. Kishikio cha fyuzi kikilegea, au skrubu ikiwa haijakazwa, upinzani wa omu 0.2 tu unatoa joto la wati 24 ndani ya plagi. Shika balbu ya zamani ya wati 25 inayowaka uone.

Badilisha plagi pamoja na soketi. Soketi iliyopata moto hupoteza mkazo wa chemchemi zake, na plagi mpya itaungua palepale. Kata waya nyuma hadi shaba inayong'aa, sokota, kaza. Usipake risasi ya kuchomelea kwenye ncha, maana hunywea chini ya skrubu na waya unalegea tena. Ekstensheni iondoe kabisa: draya iwe na soketi yake ukutani, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka ya ampea 20.

Jibu 3
Kwa watakaosoma baadaye: mota ikinguruma bila kuzunguka, na dramu inageuka ukiisukuma kwa mkono, shuku kapasita (kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka), kisha mkanda. Mashine ikijizima mapema nguo zikiwa mbichi, futa kwa siki vile vibati viwili vya kupima unyevu ndani ya dramu. Na wanaosafirisha draya kutoka Marekani: nyingi hutumia volti 240 kwa elementi lakini 120 kwa mota. Ukiiunga kwenye umeme wetu wa 230 bila kujua, mota inaungua siku hiyohiyo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia kontena.