Ati "tatizo ni mtumiaji"! Yule mtaalamu amenivua nguo mbele ya mhasibu mkuu

Wakuu, damu inanichemka. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kufungua tiketi ya kuomba msaada kwa wale waliotuuzia mfumo wa uhasibu anamfahamu: ni yule anayejibu "Imetatuliwa" kabla hujamaliza kuandika tatizo. Leo kikaoni, mbele ya mhasibu mkuu, ametamka kwa sauti ya hakimu kwamba logi, yaani faili ambamo mfumo huandika kila kinachotokea, ni safi na tatizo ni mtumiaji. Mtumiaji mwenyewe ni mimi!

Mfumo uligoma saa 8:20 mchana, yaani 14:20 kwa saa ya kompyuta. Seva inaandika logi kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kosa lilipaswa kutafutwa kwenye 11:20. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye 14:20, ambayo kwetu ni jioni na mfumo ulikuwa umekwisha kurudi, akakuta mistari ya INFO, yaani taarifa za kawaida, imetulia, akafunga faili na kutoa hukumu. Angepanda juu kidogo angekutana na kosa la ORA-00257 kurasa kwa kurasa, yaani nafasi ya kuhifadhia kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata imejaa. Nilipofungua kinywa kueleza, akarudia: tatizo ni mtumiaji. Mhasibu mkuu akaliandika hilo kwenye daftari lake. Akalipigia na mstari, wakuu!

Fundi wa Zamu: Pole sana mkuu. Kabla hatujaendelea, hebu zima kompyuta yako kisha uiwashe.

Mlinda Seva: Huyo ninamjua. Kwetu aliomba logi, tukamtumia faili zima, naye akajibu kwamba anahitaji picha ya skrini.

Bin Diski: Mwenye uzi ana bahati, kosa lake lina namba. Mfumo wetu huandika "Hitilafu imetokea", bila jina la moduli wala namba ya muamala, kisha humwaga mistari ya makosa ya Java ambayo chanzo chake halisi kimejificha kwenye "Caused by" (imesababishwa na) ya mwisho kabisa.

Mama Ripoti: Afadhali yenu. Kwetu kuna mtu aliacha DEBUG, ile hali ya kuandika kila kitu kwa undani, ikiwaka tangu siku za majaribio, logi ikajaza diski, kijana wetu akaifuta kwa ushujaa mkubwa, na nafasi haikurudi hata chembe.

Fundi wa Zamu: Haiwezi kurudi, mama. Kwenye Linux, faili lililofutwa huendelea kukalia diski mpaka programu iliyolifungua iliachie. Endesha lsof, amri ya kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, utaliona bado lipo. Alipaswa kufuta yaliyomo tu, si kulifuta faili lenyewe.

Mlinda Seva: Alipaswa kuwa na logrotate, ile programu ya kuzungusha na kuondoa logi za zamani, tangu mwanzo, Fundi, tusimtetee.

Mwenye uzi: Wakuu, na yule aliyeniita mtumiaji je?

Mama Ripoti: Subiri kwanza, mtumiaji. Fundi, hiyo lsof naweza kuiendesha mwenyewe au ni mpaka mwenye nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva?